Tahiya Akiitwa

Hapana mtoto aliyempa Mwalimu Marziya sifa Kiembe Samaki nzima kama Tahiya. Umri wake miaka kumi na miwili, akili nzito, ulimi mzito, na alipoletwa darasa la watoto wenye ulemavu alikuwa akimwona mgeni hujificha chini ya meza. Marziya alimshughulikia mwaka mzima. Akiitwa, aitike "Naam!", aje mbio, atoe shikamoo, abusu mkono. Akifanya hivyo darasa zima humpigia makofi, naye hucheka mpaka machozi. Watu walikuwa wakija kumtazama tu. Loh, Marziya alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Siku moja, wakati wa kutoka, mwanamme mmoja alisimamisha vespa yake nje ya geti akaita, "Tahiya!"

"Naam!" Mtoto huyo, mbio, akambusu mkono, akapanda nyuma. Marziya akatabasamu. Alidhani ni ami yake.

Baada ya alasiri mama yake, Bi Shemsa, alifika shuleni anahema. "Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Tahiya alirudi magharibi, peke yake, kiatu kimoja mguuni, peremende mkononi. Aliulizwa, akabembelezwa, hakusema kitu. Yule mwanamme, walisema waliomwona getini, alikuwa Jaku, wa mtaa wa pili. Sheha, mkubwa wa mtaa, alipomwita, alisema alimpa mtoto lifti tu, kwani ubaya gani? Ubaya gani, ati! Maneno yakaishia hapo. Vespa haikuishia hapo: kila baada ya siku mbili tatu ilipita mbele ya geti, polepole.

Marziya alikosa raha. Nimemfundisha kwenda, alijiambia, sikumfundisha kukataa. Basi akaanzisha somo jipya, akamweka Mzee Msabah, mlinzi wa geti, awe ndiye anayeita. "Tahiya, huyu akikuita usende. Simama hapo hapo, sema 'Sitaki!'" Maskini, mtoto alitetemeka, akalia kwa kwikwi. Amkatalie mtu mzima? Na bibi yake nyumbani akaja juu: "Mnamfundisha mjukuu wangu ujeuri, nyie?"

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Marziya aliyasikia hayo tangu mdogo, kwao Malindi, lakini machozi yale yalimshinda. Akamwambia Mzee Msabah akae kando. Akaita yeye mwenyewe, kwa utani, "Tahiya!" Mtoto akafikiri, akacheka, akasema, "Sitaki!" Makofi! Ukawa ndio mchezo wao wa kila siku, yeye anaita, mtoto anakataa. Hapo Marziya akapumua, akaona sasa keshampa mtoto ngao.

Hata Jumatano moja, adhuhuri, Mzee Msabah alikuwa akitia udhu nyuma ya madarasa, geti halina mtu. Marziya alikuwa amepiga magoti barazani akimfunga mkanda Anuar kwenye kiti chake cha magurudumu, aliposikia vespa inazimwa.

"Tahiya!" Jaku aliita, kwa upole kabisa.

Tahiya alikuwa katikati ya uwanja. Akasimama. Sema, mwanangu, Marziya aliomba moyoni. Sema.

"Naam!"

"Tahiya!" Marziya alipiga ukelele, akainuka mbio, buibui likimtatiza miguuni. "Tahiya, njoo! Njoo kwangu! Tahiya!"

Mtoto akageuka. Alipomwona mwalimu wake uso ulimchanua kwa furaha, akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Sitaki!" akasema, kwa sauti kubwa, bila kukwama.

Kisha akamwendea Jaku, akambusu mkono, akapanda. Vespa ikawaka.

Na kule barazani, nyuma ya Marziya anayekimbia, watoto waliona mwenzao kapatia, wakampigia makofi.