Kompyuta Iliyomrudisha Mwaisha kwa Pazi

Mwaisha aliingia ofisini kwetu Mji Mpya bila hodi, akatua kiroba cha njegere juu ya meza yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti, hii mashine yako ina nini na mimi? Talaka nimeidai kwa Pazi mpaka nikaipata. Mbona yenyewe kila Jumamosi inanirudisha kwake?"

Tangu soko liachwe huria, kampuni yetu ndogo ilinunua mboga milimani kwa vikundi, na kila kikundi kilikuwa na mahali pake pa kupakilia mizigo kwenye lori letu la Fuso. Mwaisha alikuwa ameomba kuhamia kikundi cha Mosi, rafiki yake, na mimi mwenyewe nilimfuta kwenye kikundi cha Pazi. Jumamosi ikifika, sokoni Nyandira karani wetu anashika kipaza sauti: "Kikundi cha Pazi! Mwaisha!" Basi Pazi anainua mikono juu. "Mnasikia? Kompyuta haikosei. Rudi nyumbani, mke wangu!" Soko zima hoi kwa kicheko, na Mwaisha hana pa kuuficha uso.

Nilipandwa na hasira. Yaani nimesoma Mzumbe ili nije kuwa mshenga wa Pazi?

Nikafungua programu aliyotuandikia fundi wetu Erick kabla hajakimbilia Dar. Humo mkulima anakijua kikundi chake, na kikundi nacho kinawajua wakulima wake. Mimi nilikuwa namfuta Mwaisha, naondoka zangu kwa maringo. Kumbe kikundi hakijaambiwa kitu, bado kimemkumbatia. Kila kikundi kikihifadhiwa, programu inawahifadhi na wote waliomo mikononi mwake, na Mwaisha anaandikwa upya kana kwamba hakufutwa.

Nilikuwa nimefuta upande mmoja tu. Dawa yake ilikuwa kwanza kumtoa Mwaisha mikononi mwa kikundi, na yeye akiachie kikundi, ndipo afutwe. Nikaziandika hatua zote mahali pamoja ndani ya programu ili asitokee mtu wa kusahau nusu. Nikahifadhi kikundi cha Pazi, nikakifungua tena. Wote wamo isipokuwa Mwaisha! Nilipiga yowe mpaka mama muuza chai wa jirani akaja kuchungulia. Nikamwandikisha Mwaisha kwa Mosi.

Jumamosi nilipanda na Fuso mwenyewe hadi Nyandira, maana sikutaka kusimuliwa. Karani akasoma kikundi cha Pazi hadi mwisho. Pazi mikono imeshaanza kupanda, ikabaki hewani. "Kikundi cha Mosi! Mwaisha!" Wanawake wakapiga vigelegele.

"Kompyuta imekosea!" Pazi akafoka.

"Si ulisema haikosei?" Mosi akamchokoza. "Au inakosea ikikukataa wewe?"

Pazi akanijia. "Binti, nirudishie mtu wangu."

Ulimi wangu ulikuwa tayari umenolewa. Lakini nyuma yake niliona, katikati ya matenga ya kikundi chake, nafasi ya tenga moja, imefagiwa vizuri na kutandikwa majani ya migomba. Alikuwa amemwandalia. Nikamhurumia mzee wa watu, na maneno yote niliyoyapanga yakayeyukia mdomoni.

"Baba, siwezi," nikamwambia. "Tena mimi nimemtoa kwenye kompyuta tu."

Akamtazama Mwaisha. Tenga la karoti la Mwaisha wapagazi walikuwa wamelitua pembeni, upande wa Pazi, kwa mazoea. Pazi akainama, akalipandisha begani, akavuka nalo uwanja mpaka kwa Mosi.

"Hapa panakufaa?"

"Panafaa," Mwaisha akasema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Ahsante, Pazi."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi kwa wenzake, akawaambia wasogeze matenga yao, waizibe ile nafasi.