Macho Yanayoruka Mistari

Kwenye kikundi chetu cha vitabu tulikuwa tukijizoeza kusoma haraka: kidole kinateremka katikati ya ukurasa, macho yanaruka maneno madogo. Bingwa alikuwa mfamasia wa mtaani kwetu, na mimi, mjinga, nilimpigia makofi.

"Siku hizi hata vyeti vya dawa vya madaktari navisoma hivi hivi," akajisifu. "Foleni inakwisha fasta!"

Moyo ukanilipuka. Asubuhi ile alinipa vidonge vitatu vya mama, akasema avimeze kwa pamoja. Nikakitoa cheti mkobani, nikasoma neno kwa neno: kidonge kimoja kila siku, kwa siku tatu.

Nikampigia mama simu.

"Nimemeza vyote, mwanangu, kama ulivyosema," akajibu, sauti ikiburutika. "Mbona usingizi huu…"

Simu ikaanguka upande wake.