Ziwa la Mkurugenzi Tao

Mvua za plamu, zile ndefu zinazonyesha matunda hayo yakiiva, zilikuwa zimekaribia, na paa la mzee Qiu Baogen lilivuja mahali pabaya kuliko pote: juu ya picha ya marehemu mkewe. Mwaka uliopita maji yalimlowesha mashavu hadi akaonekana analia. Baogen akaapa hayatamgusa tena. Vigae alikuwa navyo. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kuezeka.

Wilayani, binti mchora ramani aitwaye Shen akamgeuzia kompyuta.

"Babu, hupati. Nyumba yako imo ziwani."

"Ziwa gani, mwanangu? Nimetoka huko na viatu vikavu!"

Shen akashusha sauti. Alipochora bwawa la bata nyuma ya kijiji, mstari wa ukingo haukukutana na mwenzake. Ukabaki mwanya usioonekana kwa macho. Kompyuta haijazi rangi eneo ambalo mpaka wake haujafungwa. Ikaenda kuutafuta mpaka mwingine, ikaupata kwenye barabara kuu, ikajaza vistari vya buluu, alama ya maji, kijiji kizima.

"Si uuzibe huo mwanya!"

"Nilitaka. Mkurugenzi Tao akasema anataka buluu yake kabla hajaenda kula. Alipoiona akafurahi: 'Kumbe tuna ziwa kubwa hivi!' Akagonga muhuri."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Umwambie wewe, Babu."

Ndivyo walivyo wakubwa. Muhuri ukishagongwa, ni wewe utakayejifunza kupiga mbizi.

Baogen akarudi, akaweka ngazi, akapanda bila kibali. Alikuwa hajamaliza kuezeka, magari ya serikali yalipoingia kuzindua ziwa. Mkurugenzi Tao akashuka na jaketi la kujiokoa kifuani, akasimama katikati ya kabichi za watu, akapigwa picha akitabasamu. Kisha akainua macho.

"Wewe mzee! Shuka! Ni marufuku kujenga majini!"

"Nishuke wapi, mheshimiwa? Mimi sijui kuogelea!"

Kijiji kikaangua kicheko. Tao akawa mwekundu, akamgeukia Shen, aliyekuja naye na ramani.

"Mwandike huyo!"

"Nimwandike kosa gani, Mkurugenzi? Kwamba anajenga nchi kavu?"

Tao akawatazama wapiga picha. Akazitazama kabichi.

"Andika... anajiokoa na mafuriko. Serikali imemruhusu. Haya, mpigeni picha."

Baogen hakugeuka. Alikuwa na kigae cha mwisho mkononi, na wingu lilikwisha kuvuka barabara.