Laini Inayoshika Bandani

Mwalimu Rabia alipopangiwa kazi kijijini Kagerankanda, nje ya Kasulu, mumewe Saady alibaki Tanga, na ndoa yao changa ikahamia kwenye simu. Kwa hiyo hakutaka kununua laini kwa pupa. Alipofika Kasulu mjini alizunguka vibanda vya mawakala akihoji kama anachunguza mchumba: dakika zinakwenda mitandao yote? Zikibaki zinapotelea wapi? Meseji je? Bando je?

"Madamu, chukua hii," wakala mmoja aitwaye Bazilio alimwambia. "Kifurushi cha miezi mitatu. Utaongea mpaka ulimi uote sugu. Ile laini nyingine ni ghali, na nyie watu wa Tanga salamu zenu ndefu."

"Nikighairi?"

"Hakirudishwi wala hakihamishwi. Lakini raha nani anaighairi?"

Rabia aliuliza yote. Alisahau tu kuuliza kama inashika Kagerankanda.

Haikushika. Chumbani hamna kitu, jikoni hamna, uwanja wa shule ndiyo kabisa. Alizunguka na simu ameiinua juu hadi mkono ukafa ganzi. Mwishowe akapata mtandao mahali pamoja tu: nyuma ya nyumba ya jirani yake Esteria, ubavuni mwa banda la nguruwe. Ukisogea kidogo, unapotea.

Esteria akamletea kigoda. "Ongea tu, Mwalimu. Mimi sisikii."

Alisikia kila kitu. Kesho yake alimsimamisha Rabia njiani kumuuliza kama mafua ya shemeji Saady yamepona, akaongeza kwamba shati lile la bluu alilotaka kununua asinunue, bluu inachuja.

Shida yenyewe ilianza Jumapili mchana, mama mkwe alipopiga. Bi Zuhra alikuwa mwanamke wa dini na wa masikio makali. Nyuma ya Rabia, nguruwe jike alikuwa ameshiba maganda ya ndizi na amejinyoosha.

"Rabia, mwanangu, nani anakoroma hapo?"

Rabia akaona haya. Atamwambiaje Bi Zuhra kwamba mkwewe amekaa na nguruwe bega kwa bega?

"Ni mashine ya kusaga, mama."

"Mashine inavuta pumzi?"

Nguruwe akageuka ubavu wa pili, akashusha mkoromo mrefu wa kiumbe asiyedaiwa na mtu.

"Na hiyo mashine imekula nini mchana huu?" Bi Zuhra aliuliza, akakata simu.

Haukupita muda, Saady akapiga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Rabia, mama analia huku. Niambie ukweli, nani amelala hapo?"

"Nikikwambia utacheka."

"Sina kicheko leo."

"Ni nguruwe."

Saady akasema kwa uchungu, "Rabia, hata uongo ungetafuta wenye heshima."

Machozi yakamlenga Rabia. Esteria, aliyekuwa akimenya mihogo na kutosikia, akaweka kisu chini na kumpokonya simu.

"Shemeji, nipe mama yako." Akangoja. "Shikamoo, mama. Nguruwe ni wangu. Mwalimu anakaa hapa kwa ajili ya mtandao. Mwanaume hapa hayupo, hata wangu yuko Kibondo."

"Nitaaminije?" Bi Zuhra aliuliza.

"Ego, sawa, ngoja uamini."

Akasogeza simu bandani, akamchapa nguruwe kibao cha mgongo. Nguruwe alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Alhamdulillahi!" Bi Zuhra alisikika akishangilia. "Saady, ni nguruwe! Mwanangu, ni nguruwe kweli, Mungu mkubwa!"

Rabia akanyoosha mkono apewe simu. Hakupewa. Wale wanawake wawili walikuwa wamefika kwenye bei ya mihogo, kisha miguu inayouma kwa baridi, kisha watoto wa kiume wasiojua kusikiliza. Tangu siku ile Bi Zuhra akipiga alianza na, "Yuko wapi Esteria?" na Rabia alibaki amesimama kando ya banda akingoja zamu ya kuongea kwa simu yake mwenyewe.

Mshahara ulipotoka, alirudi Kasulu akanunua ile laini ghali. Ya zamani akamwachia Esteria.

Jioni hiyo alifunga mlango, akapanda kitandani na kumpigia Saady. Mtandao ulikuwa safi kama yuko chumba cha pili.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu kabisa."

Walikuwa wamezoea kuongea mbele ya watu. Saady akakohoa, akauliza habari za shule. Rabia akajibu kuwa nzuri.

"Nimekukumbuka," Saady akasema, taratibu mno.

Rabia akavuta blanketi hadi juu ya kichwa, akamwambia arudie.