Herufi Tatu Juu ya Orodha

Betri ilikuwa imeshatupwa kwenye kopo la betri mbovu wakati muuguzi aliposema alichokuwa anakitaka hasa.

Angesema mapema! Lakini binadamu ndivyo tulivyo, la moyoni tunalitoa mwisho, tukiwa mlangoni. Siku alipoleta ile bodi ya mashine ya michezo, imeviringishwa ndani ya shuka kuukuu, alisema tu kwamba imetoka kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa, na kwamba anataka mchezo wake uchezeke kwenye kompyuta ya nyumbani. Fundi Polepole akaipokea, akamwambia asubiri simu.

Jina la Polepole alipewa na wateja, na si kwa mapenzi. Fundi mwingine angeokota faili la mfumo popote mtandaoni, akalitupia kwenye folda, akala chake. Yeye, hapana. Programu ya kuigiza mashine za zamani haiwashi mchezo bila faili hilo, maana ndilo linaloiamsha mashine kabla ya mchezo wenyewe, na Polepole alitaka litoke kwenye bodi ileile. Akakuta betri ya bodi imevuja, kutu ya kijani inaisogelea chipu. Akaikata betri, akasugua kwa mswaki na siki, akachomoa chipu, akaisoma mara tatu ili awe na hakika. Kisha programu ikamgomea siku nzima: faili halipo, faili halipo, na faili lipo hapo linamtazama! Kumbe jina lake lilianza kwa herufi kubwa, programu inataka ndogo. Akarekebisha. Muziki ukalia, ndege zikaruka, na mtu mzima na mvi zake akacheka peke yake mpaka jirani muuza viatu akaja kuchungulia.

Akampigia muuguzi.

"Dada, mambo tayari!"

"Mungu akubariki, fundi. Na orodha ya washindi inaonekana?"

"Orodha ipi?"

"Ile ya juu, wanaandika herufi tatu tatu. Kaka yangu alikuwa wa kwanza. Siku ya mazishi mwenye ukumbi aliniambia kwamba kaka hakuwahi kuandika herufi zake, aliandika za mtu wa nyumbani. Sasa nyumbani tulibaki wawili tu, mimi na mama. Na mimi na kaka tulikaa miaka tisa bila kusemeshana. Nataka nijue tu. Nakuja nikitoka zamu, saa tisa."

Polepole akabaki na simu mkononi. Orodha ile haikai kwenye faili la mfumo. Inakaa kwenye kumbukumbu ndogo ya bodi, na kumbukumbu hiyo huishi kwa betri; betri ikitoka, kwisha habari yake. Alilijua hilo tangu ujana wake. Kilichomponza ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumletea bodi kwa ajili ya majina. Tumeimbiwa tangu utotoni kwamba haraka haraka haina baraka, tukasadiki, na leo aliyekwenda taratibu kuliko wote ndiye aliyefuta. Inakera, mimi nasema wazi.

Akairudisha chipu mahali pake, na betri pia, ingawa alijua ni kumpa maiti dawa. Akawasha bodi. Orodha ikaja na herufi za kiwandani, AAA, BBB, CCC. Akaisoma kumbukumbu yenyewe, ikawa tupu. Akaisoma tena. Hakula mchana ule.

Saa tisa muuguzi akaingia na sare yake, amepaka mafuta ya midomo kama anayekwenda kumwona mtu.

"Dada, nimeifuta," Polepole akasema kabla hajakaa. Akamweleza yote. "Betri ilikuwa inaila bodi. Ningeiacha..." Akaona haya kujitetea, akaishia hapo.

"Irudishe."

"Nimeirudisha."

"Siku hizi kompyuta zinarudisha vitu. Hata picha zilizofutwa."

"Hiki hakirudi, dada yangu."

Muuguzi akakitazama kioo, ndege zinajirusha zenyewe bila mchezaji. "Unaweza kuandika herufi pale juu?"

"Naweza. Dakika mbili tu. Nikuandikie zipi?"

"Acha. Nitakuwa nimejiandikia mwenyewe."

Wakakaa. Polepole alitamani muuguzi amtukane, hata ampige, yeye apate kupumua. Mwanamke wa watu hakufanya hata moja.

"Siku nilipoileta," muuguzi akasema polepole, "uliiwasha?"

"Niliiwasha."

"Kabla ya kutoa betri?"

"Kabla."

"Basi orodha ilipita."

Ilipita. Polepole aliitazama kwa macho yake mawili, sekunde tano au sita nzima, akiangalia kama rangi nyekundu imekolea na kama pembe za picha zimenyooka. Herufi tatu zilikuwepo pale juu. Akafumba macho azivute, akapata wekundu mtupu. Uongo ulikuwa umeshamfika kooni, neno moja tu, "zako", na yule dada angerudi kwake mzima. Akaumeza.

Muuguzi alikuwa amemshika mkono wa shati. "Herufi moja tu, fundi. Ya kwanza."

"Niliziona, dada," akasema. "Sikuzisoma."