Enhe ya Ndugu Cleophus

Mwanangu Alcide alishtakiwa kwa kuchoma ghala la bosi wake la kukaushia kamba wa baharini, huku kwetu kusini mwa Luiziana, na ushahidi mkubwa waliokuwa nao ni maneno ya kinywa chake. Ndugu Cleophus Narcisse, muumini mwenzetu, alikuwa mahabusu kwa wizi wa injini za boti. Polisi wakamhamishia chumba cha Alcide, wakamwahidi kifungo kifupi akiwaletea kitu. Akawaletea hiki: "Ule moto, chanzo ni mimi."

Alcide alikuwa amechelewa kubadilisha nyaya za umeme za ghala zilizochakaa, na tangu ghala liungue alikuwa akijilaumu. Lakini wazee wa baraza wakisikia sentensi hiyo peke yake, wangemfunga mpaka mimi nizikwe.

Wakili wake alikuwa Delphine Guillory, binti aliyekulia kanisani kwetu.

"Shangazi Ozite," aliniambia, "mtu akishashtakiwa na ana wakili, polisi hawaruhusiwi kumtuma mtu akamchokonoe kwa siri. Aliyetumwa akikaa akasikiliza tu, maneno yanapokelewa. Akimchokonoa, yanatupwa."

"Na Cleophus anasemaje?"

"Anaapa hakuuliza swali hata moja."

"Cleophus anyamaze? Yule kanisani huitikia kila neno la mchungaji, hata maiti angeiitikia!"

Delphine akacheka. "Nimekaa benchi la mbele yake utoto wangu wote, shangazi. Niachie mimi."

Siku ya kubishania maneno hayo, jaji alikaa peke yake, bila wazee wa baraza. Cleophus akapanda kizimbani na pingu zake.

"Ulimuuliza mshtakiwa chochote?" wakili wa serikali akamuuliza.

"Hapana, bwana. Nilikaa tu, kama walivyoniagiza polisi."

Delphine akasimama. Hakushika karatasi.

"Ndugu Cleophus, Alcide alikuwa na huzuni."

"Alikuwa nayo."

"Ameinamisha kichwa." Sauti yake ikaanza kurefuka, kama ya mchungaji wetu akishajifuta jasho.

"Enhe," akasema Cleophus.

"Mzigo umemwelemea!"

"Sema!"

"Hana mama wa kumshika mkono!"

Hapo niliumia kidogo, maana nilikuwapo.

"Enhe! Usiufiche, mwanangu, utoe!" Cleophus alikuwa ameinua mikono yote miwili, mnyororo unalia. Dada Verdie wa kanisani kwetu, pembeni yangu, akapiga "Amina!" nikamfinya paja.

Delphine akarudi kwenye sauti yake ya kawaida.

"Hivyo ndivyo ulivyokaa tu na Alcide?"

Cleophus akaitazama mikono yake, akaishusha polepole. "Sasa, binti, mtu analia mbele yako, utamwacha hivi hivi?"

"Ulimwambia autoe?"

"Nilimwambia. Lakini sikuuliza! Nilimsindikiza tu."

Wakili wa serikali akaruka. "Mheshimiwa, hiyo ni desturi ya kanisani kwao. Si mahojiano."

Jaji alikuwa Mkatoliki, wa kanisa ambalo watu hukaa kimya padri akihubiri. Akavua miwani.

"Bwana Narcisse, mhubiri wenu asipoitikiwa, hufanya nini?"

"Hukaa chini, mheshimiwa," Cleophus akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua huchomozea wapi.

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Nilisali bila kufumba macho, maana nilitaka kumwona.

"Basi bila kuitikiwa, kijana huyu naye angenyamaza," akasema. "Shahidi alitumwa na polisi, naye akamvuta aseme, wakili wake hayupo. Maneno hayo hayatasikika katika kesi hii."

Kesi ilikuwa bado ipo, lakini sasa serikali ilibaki na nyaya zilizoungua. Alcide akageuka kunitazama, kichwa juu, mara ya kwanza tangu moto ule.

Cleophus alipitishwa karibu yangu. "Dada Ozite, haki ya Mungu, nilimhurumia kweli."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana alikuambia."

Mlangoni askari mmoja akamnyooshea Delphine kidole. "Yule wakili ni mtoto wa nani?"

"Wa kwetu!" nikasema, na askari akaniomba nipunguze sauti.

Sikupunguza.