Vigae Saba vya Elspet Cargill

Mtarimbo ulishuka futi nne, ukagonga kitu. Wattie Cargill aliuinua kidogo, akaushusha tena palepale, na sauti ikatoka ileile, kavu na fupi. Haukuwa mwamba, kwa sababu mwamba humrudishia mchimbaji pigo hadi begani. Haukuwa mzizi pia, maana mzizi hung'ang'ania ncha. Hilo lilikuwa bamba jembamba, na bamba halijilazi lenyewe chini ya ardhi.

Akasogea unyayo mmoja kuelekea upande wa miguuni, akadunga. Ukagonga. Akasogea tena. Alipofika la saba alikuwa amelowa jasho mgongoni, ingawa bonde zima la Tarvie lilikuwa bado na umande mweupe wa baridi na kondoo wa nyuma ya ukuta walikuwa wakitoa mvuke puani.

Wattie alikuwa mchimba makaburi wa bonde hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kuangukiwa na ukuta wa kaburi na kufukiwa mpaka kifuani, na jioni ileile akala chakula chake vizuri. Leo aliogopa. Alichukua koleo jembamba, akachimba kishimo pale pa kwanza, kisha akalala kifudifudi na kumulika ndani kwa tochi. Aliona kigae cha jiwe, cha kuezekea, na tundu la msumari kwenye pembe, kama vile vya mapaa ya vibanda vya zamani kule juu Backburn. Hakukifunua. Alirudisha udongo, akapachika majani juu yake, akakanyaga kwa upole kuliko alivyozoea.

Yote hayo yalianzia kitandani kwa dada yake. Netta alikuwa na miaka sabini na moja, ini lilikuwa limemwisha, na daktari aliacha kutaja miezi akaanza kutaja wiki. Hakuwa mwoga wa kufa. Kilichomkosesha usingizi ni mahali pa kuzikwa.

"Aliyeolewa anaenda kwa mumewe," alimwambia Wattie. "Mimi nani aliyenioa? Kaburi la baba limejaa, watu watatu. Unataka kunipeleka kule barabarani nisikilize malori mpaka siku ya ufufuo?"

"Kule kuna nyasi nzuri, dada."

"Kale wewe hizo nyasi."

Makaburi ya zamani ya kanisa yalikuwa yamefungwa, ila kwa mwenye haki ya ukoo. Na ukoo wa Cargill ulikuwa na sehemu moja pale: kiwanja namba arobaini, ukutani, chenye upana wa watu wawili. Baba wa Elspet, mama wa babu yao, alikinunua kwa ajili yake mwenyewe na mkewe, kisha wakahamia Kanada na kufia huko, wakamwachia binti. Daftari la makaburi lilionyesha jina moja tu: Elspet Cargill, hajaolewa, 1893. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Netta alimpenda Elspet tangu utotoni, kwa hadithi tu: mfanyakazi wa mashamba aliyemzaa babu yao Alick bila mume, akasimama mbele ya wazee wa kanisa, akakataa kumtaja baba wa mtoto. Mseja alale na mseja mwenzake, ndivyo alivyotaka Netta. Halmashauri ilidai vitu viwili, uthibitisho kwamba wao ni uzao wa Elspet, na neno la mchimba makaburi kwamba ardhi iko wazi. Fomu ilitakiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo leo.

Wiki mbili nyuma Wattie alikuwa ameteremka mjini, kwa Bi Lumsden, mtunza madaftari ya vizazi na vifo. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alipenda kazi yake kupita kiasi.

"Huyu hapa Elspet wako," alisema, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Sensa ya 1861, mkamuaji wa ng'ombe, miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1871, kibarua wa shamba, anakaa peke yake Backburn. Sasa, 1881. Hapa ana watoto watatu nyumbani, na hakuna anayeitwa Cargill."

"Wa nani?"

"Wa kulea. Wasichana wa viwanda vya magunia kule Dundee walikuwa wakizaa, hawana pa kuwaweka, wanawaleta mashambani kwa mwanamke kama huyu, wanamlipa." Akafungua ukurasa mwingine. "Na babu yako Alick kaandikishwa Aprili 1884. Mama, Elspet Cargill. Baba, patupu."

Wattie alitabasamu. Lakini Bi Lumsden alikuwa akihesabu kwa kugusa vidole vyake mezani.

"Bwana Cargill, huyu mama alikuwa na miaka hamsini na minne."

"Wapo wanaochelewa."

"Mama yangu alinizaa na arobaini na tano, wakasimulia vijiji vitatu. Hamsini na nne angepelekwa maonyeshoni pamoja na mafahali." Hakucheka. "Nitafute na upande wa vifo?"

"Tafuta," alisema Wattie, na tangu siku hiyo alijutia neno hilo.

Wa kwanza aliitwa Mary Duthie, miezi minne. Mahali, Backburn. Sababu, unyonge. Daktari, hakuna. Aliyetoa taarifa, Elspet Cargill, aliyekuwapo. Wa pili miezi mitano, degedege, daktari hakuna. Bi Lumsden alisoma wanne kwa sauti, halafu akaacha kusoma, akamgeuzia tu kioo ajionee. Walikuwa saba ndani ya miaka tisa, na hakuna aliyefikisha mwaka. Wa mwisho alikufa Februari 1884. Baada ya hapo akaja Alick, na baada ya Alick hakuandikwa mtoto mwingine katika nyumba ile, wa kuletwa wala wa kufa.

"Labda walikuja wameshaharibika," alisema Bi Lumsden. "Mtoto wa chupa siku zile hakuwa na bahati."

"Au?"

"Au." Alivua miwani ya machoni. "Fomu ya halmashauri inataka cheti cha kuzaliwa. Cheti hakionyeshi umri wa mama. Mimi nimeombwa cheti, nimetoa cheti."

Tangu hapo Wattie alikuwa akijifariji kwamba watoto wale walizikwa Dundee, au popote. Daftari la makaburi halikuwataja. Asubuhi hii ardhi ilikuwa imewataja wote.

Saa sita mchana alikwenda kwa Netta na supu ya shayiri. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa dirishani. Alikunywa vijiko viwili, akakisukuma kibakuli.

"Haya, umedunga?"

"Nimedunga."

"Na?"

"Ardhi ya pale ina mawemawe."

"Wattie, nimekulea tangu una miaka sita. Ukidanganya unaangalia viatu."

Ni kweli alikuwa anaangalia viatu. Akavuta kiti, akamwambia yote: hesabu ya Bi Lumsden, majina, miezi, vigae. Hakumficha kitu, na alipokuwa akisema aliona uso wa dada yake ukizidi kuwa mdogo juu ya mto. Alijichukia kwa kuileta habari ile katika chumba cha mgonjwa.

"Babu alikuwa akija kumkatia nyasi kila Jumapili," alisema Netta. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Anakanyaga upande wa ukutani tu. Upande wa kulia anaukata akiwa amepiga magoti pembeni, ananyoosha mkono. Na sisi watoto alitushika, akatuzungushia pembeni tusiukanyage. Nilidhani ni adabu tu ya makaburini."

"Alijua."

"Alijua, na bado alikuja kila Jumapili." Alifumba macho. "Unadhani aliwaua?"

"Sijui, dada."

"Umefikiri hivyo lakini."

"Nimefikiri. Kila usiku nafikiri. Mmoja, ni bahati mbaya. Wawili, watatu, ni umaskini na baridi. Saba? Halafu wa nane anakua, anakuwa mrefu kuliko mlango."

"Sisi si kitu kwake, basi. Kwa damu."

"Kwa damu, hapana."

"Ukiwaandikia halmashauri?"

"Polisi watakuja na hema jeupe. Watafukua, watapima, watafunga. Wewe utaenda barabarani."

"Na usipoandika?"

"Utalala juu yao."

Nje trekta lilipita likivuta nyasi kavu, na kioo cha dirisha kikatetemeka mpaka likapotea bondeni. Netta alifumbua macho. Yalikuwa ya manjano, na yalikuwa na ule ukali ambao Wattie aliuogopa tangu utotoni.

"Nizike palepale," alisema. "Nitamwuliza mwenyewe."

Wattie alicheka, akashindwa kukimaliza kicheko. Netta alimpigapiga mkono.

"Chimba wewe, kwa mikono. Usilete lile dude la kuchimbia la halmashauri likawavuruga. Na usishuke kufika vigae."

"Sitashuka."

"Haya, nenda kanipime. Mimi si mfupi hivyo."

Alirudi makaburini na kamba, vigingi na fomu iliyokunjwa mfukoni. Alipima kutoka kichwani. Vigae saba, vimelazwa mkingamo kimoja baada ya kingine, vilichukua futi saba, na Netta pamoja na jeneza alihitaji nane. Ilibaki futi moja upande wa miguuni, kabla ya mpaka wa kiwanja, ambapo asubuhi hakuwa amepagusa.

Ardhi ya Tarvie Wattie aliijua. Futi mbili za juu ni udongo mweusi, na chini yake kuna changarawe iliyoshikana, ngumu, ambayo hakuna aliyeigusa tangu dunia iumbwe. Kuipenya lazima mtu aulalie mtarimbo kwa kifua na kuuzungusha. Penye shimo la zamani, hata la miaka mia, changarawe hairudi kushikana vile. Alijaribu kwanza nje ya kigingi, kwenye njia, na mtarimbo ukakwama kwenye futi mbili kama alivyotarajia. Akaingia ndani ya mpaka, pale pa futi ya mwisho, akadunga.

Haukukwama. Ulipita futi mbili, ukapita tatu, ukishuka kwa uzito wake wenyewe kati ya viganja vyake, mpaka nne, na hapo ukasimama taratibu juu ya changarawe ngumu. Hapakuwa na kigae.

Akadunga kushoto na kulia, mbele na nyuma, akitafuta kingo, na kila tundu lilimpa jibu moja. Upana ulikuwa futi moja. Urefu ulikuwa futi mbili na nusu. Kipimo hicho alikijua. Alikuwa amewachimbia watu wa bonde hili vishimo vya namna hiyo, na kila mara aliwaomba wazazi wasimame mbali. Hiki kilichimbwa na mtu aliyepima vizuri, kwenye mstari uleule wa wenzake saba, na baadaye kikafukiwa bila kuwekwa mtoto wa nane.

Wattie alikaa chini kwenye nyasi baridi. Alimwona babu yake Alick, mzee mrefu wa kwenye picha, mkono wa mkasi umenyooshwa. Hakuna daftari ambalo lingemwambia kama shimo lile lilichimbwa kwa kukata tamaa, mtoto akiwa anahema mara moja moja pale Backburn, au lilichimbwa mtoto akiwa mzima, anacheka.

Jua lilikuwa bado juu ya mnara wa kanisa na ofisi ingefungwa saa kumi na moja. Alitoa fomu, akaikunjua juu ya goti. Penye uzao alitia alama ya ndiyo. Penye kizuizi chochote ardhini aliandika, kwa herufi kubwa, HAKUNA. Halafu chini kabisa, polepole, akaandika jina lake lote, Walter Cargill, na akabaki amelitazama mpaka wino ulipokauka.